Mifarishi ya Rambirambi

Chama cha Historia cha Kentucky, mjini Frankfort nchini Marekani, kinahifadhi mfarishi mmoja wa rangi ya kahawia iliyofifia ambao watu husafiri mbali kwenda kuutazama. Ulishonwa mwaka 1843 na mama mmoja aliyeitwa Elizabeth Roseberry Mitchell. Katikati yake kuna eneo la makaburi lililozungushiwa uzio wa kitambaa. Pembezoni amepanga majeneza madogo, nayo pia ya kitambaa, kila moja na jina la mtu wa familia yake. Mtu akifa, jeneza lake linafumuliwa kutoka pindoni na kushonwa upya katikati, ndani ya uzio. Mama huyu alikuwa amepoteza watoto wawili wa kiume waliozikwa Ohio, kisha familia ikahamia Kentucky na makaburi yakabaki nyuma. Kwa hiyo alijishonea makaburi ya kukaa nayo nyumbani.

Anayeuona mfarishi ule huondoka akiamini kwamba desturi ya akina mama wa makanisa ya Marekani kuwashonea wafiwa ni ya tangu enzi na enzi. Mimi sikubali. Mitchell aliwashonea wafu wake mwenyewe. Kundi la kanisa kukaa kila wiki na kumshonea mfarishi jirani aliyefiwa, pengine mtu wasiyemjua kabisa, ni jambo jingine, na kwa sura yake ya leo lina umri mdogo kuliko washonaji wengi wanaolifanya. Kwa zaidi ya miaka mia makundi hayohayo yalishona kwa ajili ya mapato ya kanisa, wamisionari na askari. Mfiwa alifikiwa mwisho.

Kwa msomaji ambaye hajauona, mfarishi ni kitu cha tabaka tatu. Juu kuna vipande vya vitambaa vilivyoungwa kwa mpangilio, katikati kuna pamba, na chini kuna bitana. Tabaka zote hushonwa pamoja kwa mishono midogo inayopenya hadi upande wa pili, au hufungwa kwa vifundo vya uzi. Ukishonwa kwa mkono hutandazwa kwenye kiunzi cha mbao, na kiunzi hicho kina upana wa kutosha kukaliwa na watu wanane au kumi pande zote. Hapa ndipo kundi lilipozaliwa. Kuunga vipande mtu anaweza peke yake, lakini kupenyeza mishono kwenye tabaka tatu za shuka la kitanda kikubwa kunahitaji mikono mingi, na watu wakikaa saa nne wakitazamana, mazungumzo hayakosekani.

Ufundi wenyewe ni wa zamani sana na hauna kwao kumoja. Umejulikana Asia na Ulaya kwa karne nyingi, na askari wa Ulaya ya kale walivaa nguo za namna hiyo chini ya chuma ili kupunguza makali ya pigo. Mmojawapo wa mifarishi ya zamani zaidi iliyobaki Ulaya ulishonwa Sicily katika nusu ya pili ya karne ya 14, ukiwa na picha za kisa cha Tristan. Sehemu yake moja iko London, nyingine Florence. Huo ulikuwa mali ya watu wenye nacho. Wamarekani wanapenda kusimulia kwamba mifarishi ya viraka ilibuniwa na walowezi maskini waliookota matambara, lakini wanahistoria wa vitambaa wamekwisha kuivunja hadithi hiyo. Kitambaa kilipokuwa ghali, mtu maskini hakuwa na vipande vya kuchezea. Viraka vilienea kitambaa kiliposhuka bei.

Na bei ilishuka kwa sababu tunazozifahamu vizuri upande huu wa bahari. Kuanzia miaka ya 1820 viwanda vya Lowell na miji mingine ya Massachusetts vilifuma pamba kwa mashine, pamba iliyochumwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Marobota yalipakiwa bandari ya Salem na kuletwa Zanzibar, na baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, merikani ilitawala soko la pwani na bara mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe kule kwao vilipokata pamba. Kitambaa cha aina hiyohiyo, kigumu, kisichopaushwa, ndicho mama wa Ohio au Kentucky alichokitumia kwa bitana. Mnyamwezi aliyejifunga merikani huko Unyanyembe na mjane aliyeketi kiunzini huko Marekani walivaa na kushona jasho la mtumwa mmoja.

Makundi ya kushona ya makanisa yalipata jina la Dorkasi kutoka Matendo ya Mitume, sura ya 9. Huko Yafa mwanamke anayeitwa Tabitha, au Dorkasi, anakufa, na Petro anapofika anawakuta wajane wakilia huku wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa hai. Chama cha Dorkasi kilianzishwa Douglas, katika Kisiwa cha Man, mwaka 1834, kama shukrani ya watu walionusurika na kipindupindu, na jina likasambaa. Waadventista wa Sabato walianzisha chao Battle Creek, Michigan, mwaka 1874. Ndicho hicho kilichokuja kuzaa Dorkasi wanaojulikana leo Mara, Pare na Kisii. Ajabu ni kwamba kisa kile cha Yafa kina msiba ndani yake, nguo ziko mikononi mwa waliao, lakini vyama vilivyochukua jina lake vilisoma upande mmoja tu, wa kuwavisha maskini. Kilio cha wajane kikaachwa kwenye kitabu.

Katika karne ya 19 mfarishi wa kanisa ulikuwa kwanza chombo cha fedha. Wanawake hawakuwa na kura serikalini, na katika makanisa mengi hawakuwa na sauti barazani, lakini waliweza kushona na kuuza, na fedha walizozipata wakazishika wenyewe. Boston mwaka 1836, kwenye soko la hisani la wanawake waliopinga utumwa, uliuzwa mfarishi wa kitanda cha mtoto mchanga wenye maandishi ya kumlilia mama mtumwa aliyenyang'anywa mwanawe. Baadaye ikaja mifarishi ya majina: unatoa senti 10, jina lako linatariziwa, kisha mfarishi mzima unapigwa mnada. Paa za makanisa zilijengwa hivyo, na wamisionari wakapelekwa hivyo. (Kuna pia hadithi maarufu kwamba mifarishi ilianikwa madirishani kama alama za siri za kuwaongoza watumwa waliotoroka. Ni tamu sana, ilivuma baada ya kitabu kimoja cha mwaka 1999, na ushahidi wake wa kihistoria hauonekani.)

Wamisionari hao walibeba sindano pia. Meli ya Thaddeus ilipofika Hawaii mwaka 1820, wake za wamisionari waliketi sitahani na wanawake wa ukoo wa kifalme kuwafundisha kushona. Watu wa Pasifiki walichukua ufundi huo wakaufanya wao kabisa. Katika Visiwa vya Cook unaitwa tivaevae, hushonwa na vikundi vya wanawake, hauna pamba katikati, na una maua makubwa ya rangi kali. Huko mfarishi na msiba vilikutana waziwazi, kwa sababu tivaevae hutolewa kwenye maziko na hata kumfunika maiti anapozikwa. Kazi ya miezi mingi inateremshwa kaburini bila majuto. Sijui kama mke wa mchungaji aliyefundisha mshono wa kwanza angelikubali.

Vita ndivyo vilivyowafundisha Wamarekani kumshonea mtu wasiyemjua. Mwaka 1861 iliundwa Tume ya Afya ya upande wa Kaskazini, na vyama vya wanawake, vingi vikiwa vya makanisa, vilipeleka mifarishi kwa askari hospitalini. Ilikuwa myembamba, ya kutosha kitanda cha kambi, na iliyobaki mpaka leo ni michache mno. Mingi ilichakaa kambini. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, gazeti la Modern Priscilla la Desemba 1917 lilichapisha mfano wa mfarishi wa Msalaba Mwekundu uliokusudiwa kukusanya dola 1,000 kwa majina ya watu. Katika Vita ya Pili akina mama wa Kanada walipeleka mifarishi Uingereza kwa familia zilizobomolewa nyumba na mabomu ya Wajerumani. Kuanzia hapo njia ilikuwa tayari: kundi linashona, shirika linasafirisha, mpokeaji hajulikani. Shirika la Kilutheri la Lutheran World Relief, lililoundwa mwaka 1945, limeitumia njia hiyo hadi leo kwa mifarishi mamia ya maelfu kila mwaka, na Tanzania ni mojawapo ya nchi zilizoipokea.

Lakini hayo yote ni kumkinga mtu na baridi. Huzuni ilibaki ndani ya nyumba. Malkia Victoria alivaa nyeusi tangu kifo cha mumewe mwaka 1861 mpaka kifo chake mwenyewe mwaka 1901, na tabaka la kati la pande zote mbili za Atlantiki likafuata, hata mifarishi ikashonwa kwa vipande vyeusi na vya kijivu. Wengine waliunga tepe za hariri zilizofungwa kwenye maua ya maziko. Aliyeshona alikuwa mfiwa, na alishonea chumba chake.

Mfano mkubwa kuliko yote wa aina hii, kwa maoni yangu, haukutoka kwa watu wa hariri. Unatoka Gee's Bend, Alabama, kijiji cha wajukuu wa watumwa kilichokumbatiwa na mto pande tatu. Mwaka 1942 mama mmoja huko, Missouri Pettway, aliyekuwa amefiwa na mume, alichukua suruali na mashati ya kazi ya marehemu, akayakata, akayaunga, akapata mfarishi wa kujifunika ili amkumbuke. Binti yake Arlonzia, aliyekuwa msichana wakati ule na alimsaidia, ndiye aliyekuja kuusimulia mfarishi huo akiwa mzee. Ukiutazama unaona magoti ya suruali yalivyopauka kwa kupiga magoti shambani, na mahali ambapo mfuko ulibanduliwa pana rangi ya samawati iliyokolea kuliko pengine pote. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilitundikwa kwenye jumba la sanaa la Houston, wakosoaji wakaifananisha na michoro ya mabingwa wa karne ya 20. Sifa hizo walistahili. Hata hivyo nguo za kazi za mume aliyekufa zilikuwa zimekwisha kufanya kazi yake miaka 60 kabla ya kutundikwa ukutani.

Kanisa lenyewe liliingia katika huzuni kwa sindano Chile, si Marekani. Baada ya mapinduzi ya tarehe 11 Septemba 1973 maelfu ya watu walikamatwa, na wengi hawakuonekana tena. Mama na wake zao walizunguka kutoka jela hadi mochwari wakiulizia. Makanisa yaliwafungulia vyumba, na kuanzia mwaka 1976 ofisi ya Vicaría de la Solidaridad, iliyoundwa na Kardinali Raúl Silva Henríquez mjini Santiago, ikasimamia warsha zao. Walishona picha za viraka ziitwazo arpillera juu ya magunia: mama na picha ya mwanawe kifuani, polisi mlangoni, na nyuma daima milima ya Andes. Wengine walitumia vipande vya nguo za hao waliopotea. Kanisa lilinunua, likauza nje ya nchi, na serikali ikakasirika. Hapa, kwa mara ya kwanza katika habari hii, wafiwa walikaa pamoja meza moja, chini ya paa la kanisa, wakishona huzuni yao. Ilikuwa pia riziki, kwa kuwa waume ndio waliokuwa wakilisha familia.

Marekani ilisubiri UKIMWI. Novemba 1985 mwanaharakati Cleve Jones aliongoza maandamano ya mishumaa San Francisco, akawaomba waandamanaji waandike majina ya rafiki zao waliokufa na kuyabandika kwenye ukuta wa jengo la serikali. Ukuta ulipojaa karatasi, alikumbuka mfarishi wa bibi yake. Mwaka 1987 kazi ya kushona mfarishi wa kumbukumbu ikaanza. Kila marehemu alipata kitambaa cha futi 3 kwa futi 6, kipimo cha kaburi, na kipimo hicho kilichaguliwa makusudi. Tarehe 11 Oktoba mwaka huo vitambaa 1,920 vilitandazwa kwenye uwanja wa National Mall, Washington, na majina yakasomwa kwa sauti. Leo vimekaribia 50,000 na vina uzito wa tani 54 hivi. Mwaka huohuo wa 1987, Kampala, Noerine Kaleeba aliyekuwa amefiwa na mume kwa ugonjwa huo alishirikiana na wenzake kuanzisha TASO, shirika la kuwasaidia walioathiriwa na UKIMWI. Kila upande wa dunia wafiwa walilazimika kujiundia wenyewe kile ambacho taasisi zilikataa kuwapa.

Maana zilikataa. Baadhi ya nyumba za maziko hazikutaka kugusa maiti, na makanisa mengi hayakutaka kutaja sababu ya kifo, na mengine hayakutaka ibada kabisa. Mama wa Iowa au Texas alizika mtoto wake kimyakimya, kisha akaenda kwenye cherehani. Wengi wa waliounga vitambaa vile walikuwa wamejifunza kushona katika vyumba vya chini vya makanisa yaleyale. Nadhani aibu hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko inavyosemwa. Baada ya Washington 1987, hakuna kundi la washonaji nchini Marekani lililoweza kudai halijui kwamba mfarishi unaweza kubeba msiba.

Mambo mengine mawili yaliharakisha mabadiliko hayo, nayo hayana utakatifu wowote. Mwaka 1979 kampuni ya Kijapani ya Olfa ilitoa kisu cha gurudumu ambacho hukata tabaka kadhaa za kitambaa kwa msukumo mmoja. Kazi ya juma ikawa ya mchana. Na pamba ya katikati ikabadilishwa na ya poliesta inayofuliwa kwa mashine bila kujikunja madonge. Washonaji wastaafu sasa waliweza kumaliza mifarishi mingi kuliko vitanda vyao. Kabati zikajaa vitambaa.

Ndipo yakaja makundi yenyewe. Mwaka 1992, katika kanisa moja la Wamethodisti San Diego, akina mama walimfunika mtoto mahututi kwa mfarishi wenye nyuzi zilizoachwa wazi, ili kila mwombaji afunge kifundo na kuomba dua. Kutokana na kazi hiyo ukatokea mtandao wa Prayers & Squares, ambao una matawi katika makanisa mengi. Mwaka 1995 ukaanza Project Linus huko Colorado kwa watoto walio katika taabu, na mwaka 2003, vita vya Iraki vikiwa vimeanza, Quilts of Valor kwa askari. Don Beld wa California naye, kuanzia mwaka 2004, aliongoza washonaji kunakili mifarishi ya Tume ya Afya ya 1861 na kuipeleka kwa familia za askari waliouawa. Angalia alivyogeuza: mfano ni uleule, lakini safari hii mpokeaji ni mzazi.

Katika parokia ya kawaida ya Minnesota au Pennsylvania kazi huenda hivi. Asubuhi moja ya juma akina mama, na siku hizi wanaume wawili watatu, hukusanyika ukumbi wa chini. Mmoja anakata, mwingine anapanga rangi, wawili wako cherehanini, na wazee ambao macho yamechoka wanafunga vifundo. Ndio haohao wanaopika viazi na nyama ya nguruwe kwa ajili ya waombolezaji. Jumapili moja mifarishi yote hutandazwa kwenye mabenchi, waumini wanaketi juu yake na kuibariki kwa kuigusa. Nyuma ya kila mmoja hushonwa kitambaa kidogo chenye jina la kanisa na, mara nyingi, maelekezo ya kufua. Napenda hilo la kufua. Linamwambia mfiwa autumie, aumwagie chai, mbwa aulalie. Wakati mwingine familia huleta mashati ya marehemu yaunganishwe, na hapo washonaji hukata kwa hofu, maana shati likikosewa halina jingine.

Unaweza kuuliza kwa nini jamii tajiri namna ile ilihitaji jambo hili. Kwetu mfiwa haachwi. Turubai linafungwa, majirani wanalala mikekani, akina mama wa jumuiya wanapika kwa zamu, rambirambi zinaandikwa daftarini, na watu hawarudi makwao mpaka matanga yaanuliwe; kisha kuna arobaini. Kanga iko mabegani tangu saa ya kwanza. Marekani ibada inaweza kwisha kwa saa moja, sheria ya kitaifa haimlazimishi mwajiri binafsi kutoa hata siku moja ya likizo ya msiba, na wiki inayofuata nyumba ni kimya. Mfarishi mara nyingi hupelekwa baadaye, pengine mwezi wa pili au wa tatu, na wanaoupeleka ni watu wawili wanaobisha hodi na kuketi. Unafanya kwa kitambaa sehemu ya kazi ambayo kwetu inafanywa na mikeka. Nasema sehemu, kwa kuwa hata sisi tukishaanua matanga hatujui sana la kumfanyia mjane wa mwezi wa tatu, na Dar es Salaam au Nairobi siku za kukaa msibani zinazidi kufupishwa.

Kazi hii ina makosa yake pia. Wema wa mbali hufurika. Baada ya mauaji ya shule ya Newtown, Connecticut, Desemba 2012, mji ule mdogo ulipokea zawadi nyingi mno, zikiwamo midoli ya dubu inayokadiriwa kufika 65,000, mpaka zikajaza maghala na baadhi zikachomwa ili majivu yake yahifadhiwe. Mshonaji mwenye kabati lililojaa hutafuta mfiwa kama mvuvi atafutavyo samaki, na hapo haijulikani tena nani anamfariji nani. Makundi yenye busara huuliza kwanza. Mengine hungoja mchungaji au muuguzi awaambie jina, na hayapeleki mfarishi ambao haukuitwa.

Wakati huohuo makanisa yanapungua. Kwa takwimu za Gallup, Wamarekani waliokuwa wanachama wa kanisa, sinagogi au msikiti walikuwa asilimia 70 mwaka 1999; mwaka 2020 walikuwa asilimia 47. Vijana wanashona, ila wanakutana katika vyama vya washonaji visivyo na dini na kupanga kazi zao mtandaoni. Juni 2016 watu 49 walipouawa katika klabu ya Pulse, Orlando, chama cha aina hiyo mjini humo kiliomba mifarishi ya mioyo yenye rangi za upinde wa mvua. Ikaja zaidi ya elfu moja, mingine kutoka nje ya Marekani, ikagawiwa kwa wafiwa, manusura na waliowahudumia. Haikuwa na aya wala jina la parokia. Katika kukusanya na kugawa, chama kile kilikuwa hodari kuliko makanisa mengi. Kazi ambayo sijaona bado ikirithiwa ni ile ya mwezi wa tatu, ya watu wawili kubisha hodi na kuketi, kwa kuwa hiyo inahitaji watu wanaoishi mtaa mmoja na mfiwa na wanaomjua kwa jina.